Kumuuliza Asaidiwaye: Darasa Kutoka Haneti

Bismillahi. Sifa njema zote ni zake Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu, na jamaa zake na sahaba zake.

Amma baada ya hayo. Ndugu msomaji, darasa hii ni juu ya jambo ambalo watu wa kheri hulisahau khasa wakati mioyo yao imejaa kheri, nalo ni kumuuliza yule asaidiwaye. Twajua kukusanya fedha, twajua kuteua mwalimu, twajua kuandika barua ya kuomba na barua ya kushukuru, lakini kukaa kitako mbele ya mtu tuliyemfunza na kumpa msaada, tukamuuliza kwa moyo safi, "Ni wapi tulipokosea?", hilo ni wachache walijualo. Na kwa kutolijua, mali ya amana hupotea: waliotoa hawana khabari, na waliopewa hawasemi.

Tumeichagua Haneti kuwa mahali pa darasa yetu. Haneti ni kata katika wilaya ya Chamwino, mkoa wa Dodoma, upande wa kaskazini ya mji wa Dodoma, katika nchi ya Wagogo. Wazee wetu wa pwani waliijua Ugogo zamani za misafara. Waliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe walipita humo, wakalipa hongo kwa watemi wa nchi ili wapate njia, na maji, na chakula. Mwenye mali, hata akiwa na bunduki nyingi, hakuweza kuivuka nyika ile ila kwa kuwauliza wenyeji kisima kiko wapi, na mwaka huu kina maji au kimekauka. Ni ajabu basi kwamba yule aliyekwenda kutafuta faida alijua kuuliza, na sisi twendao kutafuta thawabu twaona hatuna haja.

FASILI YA KWANZA: MFANO WA HANETI

Tupige mfano. Jumuiya moja ya kheri katika mji wetu mmojawapo wa pwani yataka kuwasaidia watu wa Haneti. Wakubwa wake wakutana barazani baada ya sala ya alasiri, wakaazimia hivi: tutawafunza watu thelathini kilimo cha mboga, kwa muda wa siku kumi, kila siku tangu saa tatu asubuhi hata adhuhuri, kila mmoja tutampa jembe, na ndoo ya kumwagilia maji, na mbegu, na kwa mwaka mzima mwalimu atakwenda kuwatazama. Wakatazama kalenda, wakaona mwezi wa Desemba ndio wenye nafasi, kwani mwalimu yu likizoni. Azimio likapita, na fatiha ikasomwa.

Hakuna katika baraza ile aliyekusudia ubaya. Lakini tazama walivyopanga. Sisi wa pwani tuna mvua mbili: masika na vuli. Mwenye kukosa hii hutumai ile. Ugogo mvua ni moja tu. Huanza mwezi wa Desemba au karibu yake, ikaisha Aprili, na yote kwa mwaka haipiti sana milimita 500 au 600. Baada ya hapo ni kiangazi kitupu miezi saba. Basi mwezi wa Desemba ndio mwezi wa mtu kuwa shambani kwake akipanda mtama na uwele. Siku kumi za Desemba kwa mkulima wa Haneti si siku kumi, bali ni chakula cha mwaka. Na watu wa nchi ile wanajua njaa ni nini: ile njaa kuu ya miaka ya 1917 hata 1920, iliyokuja na vita vya Wazungu, waliipa jina lake, wakaiita Mtunya, na wakaisimulia watoto wao.

Haya, mwalimu akafika. Nani aliyekuja darasani? Walikuja wasiokuwa na shamba la kupanda, na vijana waliosikia kuwa kuna ndoo na majembe, na mzee mmoja au wawili kwa kumstahi mgeni. Wanawake, ambao ndio wapikao mboga na ndio watekao maji, hawakuonekana ila wachache, kwa sababu saa tatu asubuhi mwanamke hajarudi kisimani. Wala hapakuwa na mtu aliyeuliza: hiyo ndoo ya kumwagilia itajazwa kutoka wapi mwezi wa Septemba, wakati kisima hakiwatoshi watu na ng'ombe?

Siku ya kumi mwalimu akasimama akawauliza, "Je, ndugu zangu, mafunzo yamewafaa?" Wote wakaitika, "Yametufaa sana, tunashukuru." Akaandika: watu thelathini, wote wameridhika. Barua ikafika pwani, ikasomwa, watu wakamshukuru Mungu. Mwaka wa pili aliyepita vijijini alizikuta ndoo zile zimewekewa unga.

Sasa tuulize: ni nani aliyesema uwongo? Si mwalimu, kwani aliandika aliyoyasikia. Si watu wa Haneti, kwani mgeni aliyetoka mbali akaleta tunu, akakuuliza mbele ya watu kama umefurahi, huna ila kusema umefurahi; hiyo ndiyo adabu, na hata sisi hatumwambii mgeni wetu kuwa zawadi yake haitufai. Kosa lilikuwa katika swali. Liliulizwa mwisho, fedha zimekwisha, liliulizwa na mtoaji mwenyewe, liliulizwa hadharani, na lilikuwa na jawabu moja tu ndani yake.

FASILI YA PILI: USHAHIDI WA KONGWA

Pengine msomaji atasema, huu ni mfano wa kutunga. Basi tutamletea ulio kweli, na mahali pake ni katika mkoa huu huu wa Dodoma, napo ni Kongwa.

Baada ya vita vikuu vya pili Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Bwana Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa, alitoa shauri kuwa karanga zilimwe kwa wingi katika Afrika ya Mashariki. Serikali ikatuma watu wa kutazama, mkubwa wao John Wakefield, aliyekuwa zamani mkuu wa kilimo katika Tanganyika. Walikaa wiki tisa tu, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama kutoka juu, katika ndege. Wakarudi na mpango wa kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947. Hawakufanya kwanza shamba dogo la kujaribia; walianza na kubwa.

Yaliyotokea yanajulikana. Miti na mizizi ya nyika ilivunja mitambo. Udongo wa Kongwa, mvua ikiisha jua likiupiga, hukauka ukawa mgumu kama sakafu, hata karanga zilizokuwa chini hazikung'oleka kwa urahisi. Mvua zenyewe zilikuwa kama zilivyo Ugogo siku zote: mwaka huja, mwaka hazitoshi. Mwaka wa kwanza walikusudia ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa 7,500 hivi. Mwezi wa Januari 1951 mpango ukafutwa, na khasara yake yapata pauni milioni 36.

Ndugu zangu, jambo la kuzingatia si kuwa Waingereza walikuwa wajinga. Walikuwa na wataalamu, na mitambo, na fedha. Jambo la kuzingatia ni kuwa waliona nyika ile ina watu wachache, wakahesabu kuwa hiyo ni faida kwa mpango wao. Mchungaji wa Kigogo angeulizwa, "Kwa nini hapa hapakai watu wengi?", jawabu lake lingekuwa na thamani kuliko ndege ile. Wenyeji walilima mtama na uwele, mimea istahimiliyo ukame, wakafuga ng'ombe wa kuhama nao. Maisha yao yenyewe yalikuwa ni jawabu, lakini halikuwa na msomaji. Wahenga wamesema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

FASILI YA TATU: WALIOPIMA WAKAREKEBISHA

Wala tusidhani kuwa jambo hili haliwezekani. Katika Tanzania yenyewe, baada ya uhuru, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza kuwafunza watu kwa redio na vikundi vya kusoma pamoja. Hawakuanza na kubwa. Walianza na kampeni ndogo tangu mwaka 1969, na ile ya mwaka 1971, iliyoitwa Wakati wa Furaha, ilikuwa na watu 20,000 hivi. Kila mara walitazama vikundi vilivyofanya kazi na vilivyolala, na ni kwa nini. Wakajua kuwa roho ya mafunzo ni kiongozi wa kikundi, na kuwa kiongozi asipofunzwa kwanza kikundi hufa. Basi ilipofika kampeni ya afya ya mwaka 1973, iliyoitwa Mtu ni Afya, walifunza viongozi 75,000 kabla redio haijasema neno. Waliosoma walikuwa yapata milioni mbili. Na hawakuridhika na kusikia watu wakisema "tumefurahi": waliwapima baadhi yao walijualo kabla na walijualo baada, na katika vijiji kadha wakatazama kwa macho, je, vyoo vimechimbwa, na maji yaliyotuama yamefukiwa?

Na mfano mwengine, ambao Ugogo imeuona karibuni. Katika nchi ya Niger, mwanzo wa miaka ya 1980, Tony Rinaudo, mtu wa Australia, alikuwa akiwagawia wakulima miche ya kupanda, na miche ikifa. Kisha akatambua kuwa vichaka alivyokuwa akivipita njiani vilikuwa ni visiki vya miti iliyokatwa, mizizi yake hai, na kuwa kinachohitajika ni wakulima wenyewe kuchagua machipukizi na kuyatunza. Njia hiyo, tangu mwaka 2018, imefunzwa katika mkoa wa Dodoma na shirika la LEAD Foundation pamoja na Justdiggit, kwa jina la Kisiki Hai. Na jina hilo ni darasa tosha: aliyekuja na mche mkononi hakuona kuwa mti umo ardhini. Kadhalika aendaye na elimu kichwani, asipouliza, haoni elimu iliyomo katika watu.

Hata katika khabari za Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, liko la kutufunza. Aliwakuta watu wa Madina wakitia unga wa maua ya mtende dume katika maua ya mtende jike, akasema kuwa haoni kama hilo litafaa kitu. Wakaacha, na mazao ya mwaka ule yakapungua. Walipomwambia hakuwakasirikia, bali aliwaeleza kuwa mambo ya dunia yao wao wanayajua zaidi. Tazama mambo matatu hapa: watu waliona upungufu, wakausema mbele ya mkubwa wao bila ya khofu, naye akalikubali neno lao. Ikiwa mbora wa viumbe hakuona unyonge katika hilo, sisi wenye jumuiya tutaona unyonge wa nini?

FASILI YA NNE: ADABU ZA KUULIZA

Mwenye kutaka kuuliza kwa haki na ashike mambo saba.

La kwanza, aulize kabla. Kabla ya kuandika mpango, mtu mmoja au wawili waende Haneti wakae siku kadha, waulize kazi za kila mwezi, na maji, na ni nini watu wanachokijua tayari. Pengine wataambiwa: tufunzeni baada ya mavuno, mwezi wa Julai, tena jioni, wala si mboga tunayoitaka, bali kuilinda nafaka na wadudu wa ghalani, au kuvuna maji ya mvua. Hapo mpango utabadilika kabla senti haijatumika, na hiyo ndiyo rahisi kuliko zote.

La pili, aulize wote wahusikao. Mwenyekiti wa kijiji na shehe wa mahali wana haki ya kusalimiwa kwanza, wala wasipitwe. Lakini neno lao si neno la watu wote. Aulizwe mwanamke atekaye maji, na mwanamke mwenziwe ndiye amuulize. Aulizwe mfugaji. Na khasa aulizwe yule aliyekuja siku mbili akaacha, kwani yeye ndiye ajuaye kasoro ambayo waliobaki wameistahimili.

La tatu, asiulize mtoaji. Mtu hawezi kumwambia aliyempa jembe kuwa jembe ni bovu. Na atafutwe mwulizaji ambaye watu hawamwogopi, tena ajuaye Kigogo, kwani mzee husema kwa lugha ya mamake yale asiyoyasema kwa Kiswahili.

La nne, swali liwe la kitendo, lisiwe la sifa. Usiulize, "Mafunzo yalikuwa mazuri?" Uliza, "Mara ya mwisho ulipofanya kama ulivyofunzwa ilikuwa lini? Ni kitu gani kilikuzuia? Lau ungekuwa wewe ndiwe mpangaji, ungeondoa nini, ungeweka nini mahali pake?" Kisha nyamaza, ungoje. Jawabu la kwanza huwa la adabu. La pili ndilo la kweli.

La tano, aandike kama alivyoambiwa. Asilipake neno chungu asali kwa kuwa litasomwa na wakubwa. Na msemaji akitaka jina lake lisitiriwe, lisitiriwe. Hiyo ni amana.

La sita, aulize tena baada ya muda. Sifa za siku ya mwisho wa darasa hazina uzito. Uzito uko katika yanayoonekana baada ya mvua moja kupita na mavuno kuingia. Aisifuye mvua imemnyea. Basi ngoja imnyee kwanza.

La saba, nalo ndilo kubwa: arudi na jawabu. Waitwe watu wale wale, waambiwe: "Mlisema hili na hili. Hili tumelibadili, namna hii. Hili hatukuliweza, na sababu yake ni hii." Asiyerudi amewafanyia watu ubaya kuliko asiyeuliza kabisa, kwani amewapotezea wakati wao, tena amewafunza kuwa kusema hakufai kitu. Akija wa pili baada yake, hata awe mkweli, hataambiwa neno.

Na ili kurudi huko kuwezekane, jumuiya isitumie fedha zote mwanzo. Na iweke sehemu kando kwa ajili ya mabadiliko. Mpango ambao fedha zake zimekwisha siku ya kwanza hauwezi kusikia shauri, hata ukiwa na masikio mia.

FASILI YA TANO: MAJIBU YA WAPINGAO

Wakisema: "Sisi twatoa bure, apewaye bure hachagui." Jawabu: fedha si zako, ni za waliokuamini, nao hawakukupa uzitupe. Tena si bure kwa apewaye. Yeye ametoa siku zake kumi, nawe umekwisha kuiona thamani ya siku kumi Haneti.

Wakisema: "Watu wale hawakusoma, watatuambia nini katika mafunzo?" Jawabu: hatuwaulizi herufi. Twawauliza mvua yao, na kisima chao, na saa zao, na katika hayo wao ni walimu nasi ni wanafunzi. Wenye vyeti walikuwapo Kongwa, tena wengi.

Wakisema: "Tukiwauliza watataka tusiyokuwa nayo." Jawabu: huenda wakataka, nawe huna deni ila la kusema kweli. Mtu huambiwa "hili hatuliwezi" akasamehe, hasamehe kudanganywa.

Wakisema: "Waliotupa fedha wapenda kusikia khabari njema, tukiwaandikia makosa wataacha kutoa." Hili ndilo zito, na ndilo liharibulo jumuiya nyingi. Jawabu: muuza samaki akikwambia kila siku kuwa samaki wake hawana kasoro, utamwacha siku utakaporudi nyumbani na samaki aliyeoza. Lakini akikwambia, "Huyu wa jana, chukua yule wa leo," utamrudia umri wako wote. Mtoaji naye ni hivyo. Mwandikie: tulikosea hapa, watu wa Haneti wametuonyesha, na mwaka huu tumefanya hivi. Akiwa alitoa kwa ajili ya Mungu, atafurahi. Akiwa alitoa kwa ajili ya kusifiwa, basi mali yake haikuwa na baraka tangu mwanzo.

KHATIMA

Ndugu msomaji, huenda wewe ni mwenye jumuiya, au mweka khazina, au mwalimu atakayetumwa bara mwaka huu, au ni mtoaji tu wa shilingi yako. Kila mmoja ana swali lake la kuuliza. Mtoaji aulize: mliwasikiliza? Mweka khazina aulize: tumebakisha cha kurekebishia? Mwalimu aulize: ni nani aliyeacha kuja, na nyumba yake iko wapi? Na mkubwa wa jumuiya ajiulize peke yake usiku: je, nataka kusaidia, au nataka kuonekana nimesaidia?

Kiangazi kikifika Haneti, vumbi huwa jingi na mavuno huwa yamekwisha kuingia ghalani. Huo ndio wakati watu wana nafasi ya kuzungumza chini ya mti. Aendaye na aende wakati huo, na asichukue ndoo wala jembe. Achukue daftari, na kalamu, na subira. Ndoo zitafuata, ikiwa zitahitajika.

Mwenyezi Mungu atupe masikio kabla ya ulimi, na azikubali amali zetu, Amin.